Hesabu ya Korom

Kondoo tuliwauza Septemba, wote mia moja na arobaini,
kwa mtu wa Debrecen mwenye lori la ghorofa mbili.
Korom alilifukuza lori hadi daraja la Tisza,
akarudi usiku, vumbi tupu, akalala zizini
kana kwamba kesho kuna kazi.

Kazi haikuwapo. Akajitafutia.
Akawachunga kuku wa mama mkwe,
akaichunga baiskeli ya tarishi,
na Jumapili moja akawakusanya wazee watatu waliotoka kanisani
wakajikuta wamebanwa ukutani, kofia mkononi,
wasijue nani amewaita.

Basi Novemba, Lőrinc aliponiambia njoo tuwinde fezanti,
nilimchukua. Ningemchukua nani mwingine?
"Umeleta mbwa," akauliza, "au tambara la kudekia?"
Wenzake wakacheka mpaka moshi wa sigara ukawapalia.
Ni kweli: Korom ni puli, manyoya yake rasta
toka utosini hadi ukuchani, meusi kama jina lake, masizi;
akisimama hujui kichwa kiko upande gani mpaka abweke.

Mbwa wa Lőrinc ni vizsla, rangi ya shaba iliyosuguliwa,
ana hati ya ukoo ndefu kuliko yangu.
Alinusa, akaganda. Mguu mmoja juu, mkia kama msumari:
hapo, bwana, hapo.
Tukashusha pumzi. Jalidi ililia chini ya viatu.

Korom hakuganda. Hajui kuganda.
Kwake kiumbe kilichotawanyika ni kosa la kusahihishwa.
Akazunguka kwa mbali, kwa mbali sana,
akaufuata mtaro, tumbo likifagia mabua ya mahindi.
Na fezanti, asikudanganye mtu, haanzi kwa kuruka.
Hukimbia. Huyu binamu wa kwale, mkia mrefu kama uta wa zeze,
huiamini miguu kuliko mbawa.
Wakakimbia, na kila walikokimbilia
masizi yako.
Kushoto, masizi. Kulia, masizi.
Hadi pembe ya shamba, penye waya, miguuni pangu,
saba,
wamesongamana kama wanaosubiri kukatwa sufu.
Akanitazama kupitia pazia la rasta zake:
hesabu.

Nami nikahesabu! Bunduki begani, mdomo wazi,
moja, mbili, tatu, kwa sauti, kama enzi za zizi,
na nilipofika tano mbingu ikachanika.
Nikafyatua, nimechelewa. Lőrinc akaangusha wawili.
Mmoja akaangukia kidimbwi, penye matete na barafu nyembamba.
Vizsla akatia unyayo majini, akauondoa,
akamtazama bwana wake
kama mtu aliyeletewa bili isiyo yake.
Korom akaingia. Zulia lililolowa, nusu limezama,
likarudi na ndege mdomoni, hana alama ya jino.
Hakumpa Lőrinc. Hakunipa mimi.
Akamlaza chini, akakaa kando, akimlinda asipotee.

Lőrinc hakusema neno. Alinipa chupa yake ya brandi ya plamu,
ninywe mimi kwanza.

Saa tatu kumchambua vishonanguo,
siku mbili kukauka kando ya jiko;
nyumba ikanuka kinamasi mpaka mama mkwe
akahamia kwa dada yake.

Na Jumatano, alfajiri, mlango wa zizi u wazi kidogo.
Ndani, juu ya majani makavu, fezanti jike,
mzima, amelowa kidogo, hasira tele.
Korom amelala kizingitini, pua nje,
mgongo ameuelekeza kwa kundi lake.

Nilijua nitamwachilia.
Lakini nilisimama kwanza, mkono juu ya komeo,
nikahesabu:
mmoja.